Mwanga ukitembea pole kama sisi: mchezo wa video unaotusaidia kumwelewa Einstein



Kuna sentensi moja inayopita sana katika mazungumzo yetu, hata mimbarani: «Tout est relatif, Einstein mwenyewe alisema.» Anayetaka kutetea mwenendo wake huitumia kama ngao. Mhubiri anayemjibu naye huikubali, kisha anamlaumu Einstein kwamba ndiye aliyeleta ulimwengu ambamo kila mtu ana ukweli wake mfukoni. Wote wawili wanabishana juu ya kitu ambacho hawajakiona hata mara moja. Na kwa kweli si rahisi kukiona, kwa sababu nadharia ya relativite (wengine huiita uhusianifu) inahusu mambo yanayojitokeza wazi pale tu mtu anapokwenda kwa mwendo unaokaribia ule wa mwanga, na hakuna kati yetu aliyewahi kwenda hivyo.

Leo nataka kuwaonyesha njia moja ya kukiona. Njia hiyo inatoka mahali ambapo sisi wachungaji mara nyingi hatupatazami kwa jicho zuri, yaani kwenye michezo ya video. Sitazungumza hapa juu ya saa ambazo vijana wetu wanapoteza mbele ya sikrini. Hilo ni somo lingine, na wazazi wengi wanalijua kuliko mimi. Nitazungumza juu ya mchezo mmoja ambao hauna bunduki wala adui wa kuua.

Mchezo huo unaitwa A Slower Speed of Light, maana yake mwanga uliopunguzwa mwendo. Ulitengenezwa katika MIT Game Lab, kwenye chuo kikuu cha MIT huko Marekani, ukatolewa bure mwaka wa 2012. Aliyeongoza kazi hiyo ni mwanafizikia Gerd Kortemeyer. Mchezaji anatembea ndani ya kijiji cha kubuni akiokota vitufe 100 vinavyong'aa. Hilo tu ndilo analotakiwa kufanya. Lakini kila kitufe anachookota kinapunguza kidogo mwendo wa mwanga katika dunia ile. Mwanzoni mambo yote yanaonekana ya kawaida. Vitufe vikizidi, rangi zinaanza kubadilika, kuta za nyumba zinapinda, na mwishoni mwanga unakwenda kwa mwendo ulio karibu sana na hatua za mchezaji mwenyewe. Hapo kutembea tu kunakuwa kazi.

Kwa nini kuupunguza mwanga? Kwa sababu mwanga wetu una mbio za kupita akili: mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Ungeweza kuizunguka dunia mara 7 na nusu katika sekunde hiyo. Kutoka Goma mpaka Kinshasa, kwa mstari ulionyooka, ungetumia kama sehemu 5 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Ndiyo maana kwa karne nyingi watu walidhani mwanga hausafiri kabisa, kwamba unakuwa pale mara moja. Ni mwaka wa 1676 ndipo Mdenmark mmoja, Ole Rømer, akifanya kazi Paris, aliposema wazi kwamba mwanga unachukua muda. Yeye aliangalia Io, mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, akaona kwamba kupatwa kwake kunachelewa wakati dunia yetu iko mbali zaidi na sayari hiyo. Kilichochelewa kilikuwa mwanga uliotuletea habari.

Mbele ya mwendo kama huo, sisi ni konokono. Ndege ikiruka saa 10 kwa mwendo wa kilometa 900 kwa saa, saa ya ndani ya ndege inabaki nyuma, kwa ajili ya mwendo peke yake, kama nanosekunde 12 hivi. Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milyari. Hakuna abiria atakayeijua tofauti hiyo. Basi, ukitaka kuonja relativite una njia mbili: umpe mtu mbio za ajabu, au upunguze mwanga mpaka ufanane na mtu. Wazo hili la pili si jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mwanafizikia George Gamow, mzaliwa wa Odessa aliyehamia Marekani, aliandika hadithi za karani mmoja wa benki, Bwana Tompkins, anayeota kwamba yuko katika mji ambamo mwanga unakwenda polepole. Anamwona mpanda baiskeli akipita amebanwa kama karatasi. Shikeni picha hiyo ya mpanda baiskeli, kwa maana tutairudia, na haitatoka salama.

Sasa tuingie ndani ya mchezo. Umeokota vitufe vingi, mwanga umepungua, na mbele yako kuna nyumba. Unapiga hatua kuielekea. Nyumba inaonekana inarudi nyuma! Mchezaji mpya hushtuka hapa na kudhani kwamba amebonyeza kitufe kisicho chake. Hapana, hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Ukitaka kuielewa, kumbuka siku uliyopanda pikipiki wakati wa mvua. Mvua inashuka wima kutoka juu. Motari akianza kukimbia, matone hayaangukii tena kichwani, yanakupiga usoni kana kwamba yanatoka mbele. Mvua haikubadili njia. Mwendo wako ndio umebadili pembe ambayo inakufikia. Mwanga nao hufanya vivyo hivyo. Ukienda mbele kwa mwendo mkubwa, miali inayotoka pande zote inakufikia kana kwamba inatoka mbele zaidi. Nyumba iliyojaza macho yako sasa inabanwa katikati na kuonekana ndogo, na kitu kidogo tunakisoma kuwa kiko mbali. Hata vitu vilivyokuwa ubavuni mwako, na kidogo nyuma, vinaingia mbele ya macho yako.

Jambo hili haliko katika mchezo tu. Mwingereza James Bradley alilitangaza mwaka wa 1729, baada ya kuona kwamba nyota zinasogea kidogo sana, mwaka mzima, kufuatana na upande ambao dunia inaelekea. Dunia huzunguka jua kwa kilometa 30 hivi kwa sekunde, na hilo linatosha kuinamisha mwanga wa nyota kwa kiasi kidogo ambacho darubini inaweza kukipima. Sisi sote, basi, tuko juu ya pikipiki hiyo. Ni mvua yake tu ambayo ina mbio nyingi mno kuliko sisi.

Kisha rangi. Mnajua sauti ya honi ya gari linalokuja mbio: ni nyembamba linapokaribia, inakuwa nzito mara linapokupita. Mwanga ni wimbi pia, na wimbi la mwanga likibanwa, rangi inasogea kuelekea bluu. Likivutwa, inasogea kuelekea nyekundu. Katika mchezo, vitu unavyovielekea vinapata rangi ya bluu, na vile unavyoviacha vinakuwa vyekundu. Hilo wengi wanalitazamia. Wasilolitazamia ni kwamba rangi hazikomi pale macho yetu yanapokomea. Tuseme unakwenda kwa asilimia 60 ya mwendo wa mwanga kuelekea kitambaa chekundu. Mawimbi yanakufikia mara mbili zaidi kwa kila sekunde, na ule wekundu unaruka rangi zote za upinde wa mvua na kuingia katika ultravioleti, ambako jicho la mtu halioni kitu. Je, kitambaa kinapotea? Hakipotei, kwa sababu chini ya wekundu kulikuwa na mwanga mwingine usioonekana, infraredi, wa jamii ile inayotoka kwa wingi katika makaa ya mbabula pamoja na joto lake. Huo nao umepanda, sasa umekuwa wekundu unaouona. Watengenezaji wa mchezo iliwapasa kufikiria hata rangi hizo ambazo hakuna jicho linaloziona, ili ziwe tayari kujitokeza mchezaji anapokimbia. Binafsi naipenda sehemu hii kuliko zote.

Mbele kunang'aa kupita kiasi pia, kama mtu aliyewashiwa taa ya gari usoni, na nyuma kunakuwa giza. Sababu ni zile zile mbili, pembe na mawimbi, sitakaa hapo.

Mpaka sasa sijasema lolote juu ya wakati, na hapo ndipo penyewe. Mtoto aliyesimama juu ya Fuso linalokwenda kilometa 40 kwa saa, akirusha embe mbele kwa kilometa 20 kwa saa, sisi tulio barabarani tutaona embe likienda 60. Mwendo unajumlishwa. Lakini mwanga haukubali hesabu hiyo. Mwaka wa 1887, Michelson na Morley huko Marekani walitafuta kwa chombo chenye usahihi mkubwa tofauti yoyote katika mwendo wa mwanga kufuatana na mwendo wa dunia. Hawakuipata. Mwaka wa 1905, Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza huko Bern, Uswisi, aliuchukua ukaidi huo wa mwanga kama msingi: kila mtu, awe amesimama au anakwenda kwa mwendo ulionyooka usiobadilika, akipima mwanga atapata mwendo ule ule. Kisha akauliza ni nini kitalazimika kubadilika ili jambo hilo liwezekane.

Jibu tunaweza kulipata kwa hesabu ya mafundi wa kujenga. Fundi anayetaka kona ya nyumba iwe sawa hupima 3 upande huu, 4 upande ule, na kamba ya kukatiza lazima iwe 5. Sasa tuweke mwanga wa polepole, kama ule wa mchezo: mita 5 tu kwa sekunde. Basi refu linapita kwa mita 3 kwa sekunde. Ndani yake mtu amelaza taa sakafuni, na mwanga unapanda mpaka kioo kilicho mita 4 juu. Kwake yeye mwanga umepanda wima mita 4, na kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde umetumia sekunde 0.8. Sisi tulio nje tunaona jambo lingine: mwanga ulipokuwa ukipanda, basi lilisogea mita 3, kwa hiyo mwanga umepita njia ya mshazari, mita 5. Na sisi pia tunapima mwendo ule ule, mita 5 kwa sekunde. Kwa hiyo tunasema imepita sekunde 1 nzima. Tendo ni lile lile, muda ni miwili: 0.8 ndani, 1 nje. Hakuna saa iliyoharibika. Ukisubiri saa moja kando ya barabara katika mji wa mwanga mvivu kama huo, abiria wa basi hilo atakuwa ameishi dakika 48.

Mtu ataniambia: mchungaji, hayo ni mambo ya basi la kubuni. Haya, tutazame juu. Miale inayotoka mbali angani inagonga hewa yetu, na kwenye kimo cha kilometa 15 hivi zinazaliwa chembe ndogo zinazoitwa muoni. Muoni ikikaa mahali pamoja huishi, kwa wastani, sekunde 2.2 zilizogawanywa mara milioni, kisha inavunjika. Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, katika muda huo ingepita mita 660 hivi. Zingetakiwa kuisha karibu zote huko juu. Lakini zinafika mpaka chini, kama moja kila dakika kwa kila sentimita ya mraba. Wakati unasoma mstari huu kuna zinazopita katika mkono wako. Mwaka wa 1941, Bruno Rossi na David Hall walizihesabu katika milima ya Colorado, juu na chini, wakaonyesha kwamba zile zenye mbio zaidi zinaishi muda mrefu zaidi, kama hesabu ya Einstein inavyotaka. Na telefone inayomwonyesha motari njia hufanya kazi na satelaiti ambazo saa zake zimerekebishwa kwa ajili ya nadharia hii na ile ya pili ya Einstein inayohusu mvutano. Kwa jumla saa hizo zingetangulia za duniani kwa mikrosekunde 38 kila siku. Bila kurekebisha, kosa la mahali lingeongezeka kwa kilometa zaidi ya 10 kwa siku moja.

Sasa turudi kwa yule mpanda baiskeli wa Bwana Tompkins, aliyebanwa kama karatasi. Nadharia inasema kweli kwamba kitu kinachokwenda kasi, ukikipima, ni kifupi kwa upande wa mwendo wake. Basi watu wakadhani kwamba ndivyo tungekiona kwa macho. Miaka 54 ilipita tangu makala ya Einstein, na wanafizikia wengi waliendelea kuchora hivyo katika vitabu. Mwaka wa 1959 Mwingereza Roger Penrose na Mmarekani James Terrell, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba jicho au kamera isingeona hivyo. Tufe lenye mbio zozote lingeonekana mviringo kamili. Kitu kidogo kinachopita mbele yako kingeonekana kama kimegeuzwa, si kama kimebanwa.

Sababu yake ni rahisi mtu akiisikia. Mwanga unaofika jichoni kwa wakati mmoja haukuondoka kwa wakati mmoja. Fuso linapopita mbele yako, mwanga wa sehemu zilizo mbali nawe ulilazimika kuondoka mapema ili ufike pamoja na ule wa sehemu za karibu, na wakati ule wa mapema Fuso lilikuwa bado nyuma kidogo. Hata ukuta wa nyuma wa Fuso, ambao kwa kawaida hauonekani likiwa sambamba nawe, utauona, kwa sababu gari lenyewe linaondoka mbele ya mwanga huo na kuuachia njia. Ni kama radi: umeme unauona sasa, ngurumo inakuja baadaye, na anayetegemea masikio peke yake atasema mambo hayo mawili hayakutokea pamoja. Kupima ni kazi ya kurekebisha ucheleweshaji huo wote na kuuliza: kila sehemu ilikuwa wapi kwa wakati mmoja? Kuona ni kupokea tu kilichofika.

Kwa hiyo mchezo huu una faida ambayo michoro mingi ya vitabu haina. Kompyuta inahesabu, kwa kila pembe ya kila umbo, mwanga uliondoka lini na ulikuja kwa njia gani, kisha inachora kile ambacho jicho lingekipokea. Kuta za nyumba zinapinda kwa sababu hiyo. Wenzao wa Australia, katika chuo kikuu cha taifa huko Canberra, walikuwa wameshatengeneza programu ya namna hiyo, Real Time Relativity, wakaitumia na wanafunzi wao wa fizikia, na mwaka wa 2007 wakaandika juu yake. Lakini bado mtu anaweza kusema kwamba kompyuta huchora lolote unaloiambia. Ndiyo maana kazi iliyotangazwa mwaka wa 2025 na watafiti wa Vienna, Austria, ilinifurahisha. Wao walitumia mwanga wa kweli. Walirusha miale mifupi sana ya leza na kupiga picha kwa kamera yenye mbio za ajabu, wakikisogeza kitu kidogo kidogo kati ya picha na picha, kisha wakaziunganisha kana kwamba mwanga unakwenda mita 2 kwa sekunde. Walikuwa na mchemraba, yaani umbo kama kete ya ludo, kwa mwendo wa asilimia 80 ya mwanga, na tufe kwa asilimia 99.9. Vitu hivyo walivifupisha kwanza, kama hesabu ya Einstein inavyodai, hata tufe likawa bapa kama sahani. Na katika picha ile sahani ilionekana tufe la mviringo, na mchemraba ulionekana umegeuka. Yale ya Penrose na Terrell yalikuwa yamesubiri zaidi ya miaka 60 kupigwa picha ya namna hiyo.

Hapa ndipo ninapotaka kuzungumza na wahubiri wenzangu. Mtu aliyecheza mchezo huu kwa dakika kumi ameona nyumba zikirudi nyuma, rangi zikihama, kuta zikipinda. Je, amejifunza kwamba kila kitu kinategemea anayetazama? Aangalie vizuri. Kitufe alichokiokota kimeokotwa. Mtu mwingine akipita mbio kwa upande wa pili atapata rangi nyingine, atapima urefu mwingine na muda mwingine, lakini hawezi kusema kwamba mchezaji hakukigusa kitufe kile. Mambo mawili yakikutana mahali pamoja kwa wakati mmoja, watazamaji wote wa dunia watakubali kwamba yalikutana. Wote watahesabu vitufe 100. Tena, tendo likisababisha tendo lingine, hakuna mtazamaji, hata mwenye mbio za namna gani, atakayepima la pili likitangulia la kwanza. Na wote watapata mwendo mmoja wa mwanga. Mwaka wa 1908 Hermann Minkowski, aliyewahi kuwa mwalimu wa Einstein, alionyesha kwamba ukichukua umbali na muda kati ya matukio mawili ukavichanganya kwa hesabu fulani, unapata kiasi kimoja ambacho watazamaji wote wanakubaliana nacho. Urefu wako na muda wako ni kama kivuli cha fimbo ile ile: kivuli kinabadilika kufuatana na taa, lakini fimbo ni moja.

Kwa hiyo nadharia hii haifundishi kwamba ukweli ni wa kila mtu na nyumba yake. Hata jina lake linatudanganya kidogo. Makala ya mwaka wa 1905 haina neno relativite katika kichwa chake. Kichwa kinasema juu ya elektrodinamika ya miili inayojongea. Kazi nzima ya Einstein ilikuwa kutafuta sheria ambazo hazibadiliki ijapokuwa watazamaji wanabadilika. Anayetaka kuhubiri dhidi ya wale wanaosema hakuna jema wala baya, ahubiri, nami nitasema amina. Amwache Einstein nje ya shauri hilo, kwa maana hakuitwa kama shahidi wa upande wowote.

Liko na jambo la pili. Nimesikia ile aya ya Petro juu ya siku moja na miaka elfu ikielezwa kwa kutumia relativite: ati Mungu anakwenda mbio sana, ndiyo sababu miaka yetu elfu ni siku kwake. Hesabu inawezekana kuifanya. Ili siku moja ya msafiri iwe miaka elfu yetu, inambidi aende pungufu ya mwanga kwa kama milimita 1 tu kwa sekunde. (Katika mashine kubwa ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni zinakwenda pungufu ya mwanga kwa mita 3 hivi kwa sekunde, kwa hiyo hata hizo ziko mbali.) Lakini tazameni tumefanya nini. Tumemgeuza Muumba wa wakati kuwa abiria ndani ya wakati, mwenye saa mkononi. Na shida haiishii hapo: kwa nadharia hii, maadamu wawili wanakwenda bila kubadili mwendo, kila mmoja akipima anaona saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa. Kwa hesabu hiyo hiyo, siku yetu moja ingekuwa miaka elfu ya huyo msafiri! Petro alikuwa akizungumza juu ya uvumilivu wa Mungu na watu waliochoka kungoja. Maelezo ya saa na roketi yanaipunguzia aya ile nguvu yake, na yanaiaibisha fizikia pia.

Mchezo wenyewe una mipaka yake, na anayeutumia darasani aiseme. Unabadili mwanga bila kugusa mambo mengine, lakini katika uumbaji mwendo wa mwanga umefungamana na namna atomu zinavyoshikana; ukiupunguza kweli kweli mpaka mwendo wa miguu, si rangi tu zitakazohama, hata mguu wenyewe usingekuwepo. Hauna mvutano wa Einstein wa mwaka wa 1915, kwa hiyo usitafute humo mashimo meusi. Nao ni wa mchezaji mmoja, kwa sababu nzuri: dunia nzima inachorwa kufuatana na jicho moja linalotembea. Waliouunda walitoa baadaye zana zao kwa wote, kwa jina OpenRelativity, ili vijana wanaojua kuandika programu watengeneze michezo yao wenyewe. Tunao vijana wa namna hiyo, hata katika miji yetu ambamo umeme unakuja na kuondoka.

Kwa shule zetu ambazo hazina kompyuta yenye nguvu ya kutosha, mwalimu mwenye telefone moja anaweza kuonyesha video ya mtu anayecheza. Ushauri wangu ni kwamba asianze na maelezo. Aonyeshe kwanza ile hatua ya kwanza kuelekea nyumba, asimamishe video pale nyumba inapoonekana kurudi nyuma, na aulize darasa: nyumba imesogea, au mwanga ndio umekuja kwa pembe nyingine? Tena na tena yuko mmoja atakayekumbuka, bila kusaidiwa, mvua na pikipiki. Baada ya hapo aandike ubaoni 3, 4 na 5.